Roboti Ilipomkuta Bibi Kwenye Sijida

Bibi yangu nilimpeleka chuoni mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nisije nikasingizia mtu.

Nilikuwa natafuta shahada ya pili hapa Maskati, na semina yetu ilihusu roboti za kuhudumia watu majumbani. Ya kundi letu ilikuwa na kimo cha friji, na uzito wa friji. Kazi yake kuwapelekea wazee maji na dawa. Ili nifaulu, ilitakiwa ikakae miezi miwili kwa mzee mmoja. Wenzangu waliwauliza jamaa zao wa Sib na Ghubra, wote wakasema jini la chuma hawalitaki. Akabaki bibi yangu wa Mawaleh, ambaye sijapata kumwomba kitu akaninyima. Duktur, msimamizi wangu, akasema aje kwanza aizoee.

Siku ile roboti ilizunguka baina yetu na sinia la gahwa na tende. Skrini kubwa ukutani ilionesha inachokiona: kila mmoja wetu amezungushiwa mraba wa kijani, na juu yake neno "mtu". Ukiizuia njia, inasimama kwa adabu. Bibi akacheka.

"Lo! Ina heshima kuliko nyinyi."

Adhuhuri ikaingia. Chumba cha kusalia kiko ghorofani na ngazi zinamshinda, basi akatandika mswala wake nyuma ya ukumbi. Sisi tukawa tunapita nyuma yake, kama mtu yeyote aliyelelewa. Roboti hakuna aliyeiambia.

Nikatupa jicho kwenye skrini. Amesimama: mraba upo. Akarukuu: mraba ukachezacheza. Akasujudu: mraba haupo. Lilibaki buibui jeusi chini, na neno "zulia". Na mazulia tumeifundisha kuyapanda. Tena aliyeifundisha ni mimi. Miezi yote tumeijaribu sote wima, sote na viatu, sisi ambao nyumbani tunakula chini, tunasali chini, na mchana tunajinyoosha chini. Upumbavu gani huu, jamani?

Magurudumu yakashika njia ya mswala. Polepole, bila kelele, sinia halitikisiki.

"Bibi!" nikapiga ukelele.

Hakuinuka. Yuko mbele ya Mola wake, aniitikie mimi? Nikakimbia, nikakibamiza kitufe chekundu. Ikasimama shibiri moja kutoka kichwani pake.

Alipotoa salamu ya kushoto kumaliza sala, akatazamana na roboti uso kwa uso. Duktur akaja mbio kumwomba radhi, kisha akanigeukia mimi.

"Hii haiendi nyumbani kwa mtu. Kuifundisha upya ni kazi ya mwaka mzima."

Mwaka mzima! Nililia palepale, na sitadanganya kwamba nilimlilia bibi.

Yeye alikuwa anakunja mswala wake. "Usilie, mwanangu. Ilete tu. Mimi n'tasali kwenye kiti, itaniona."

Bibi huyu daktari wa hospitali alimsihi miaka mitatu asalie kwenye kiti, magoti yamekwisha. Kila mara alimjibu kwamba maadamu yanakunjika, kipaji cha uso wake kitafika chini.

Duktur akaniangalia, akangoja niseme neno.

Nikafuta machozi. "Ahsante, bibi," nikasema.

Kiti chenyewe nilikwenda kumnunulia jioni ileile.