Kasuku na Filamu ya Majitu Mawili

Mtaani walimwita Kasuku, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa heshima. Mumewe ndiye aliyekuwa mtafsiri wa banda la video. Filamu ikionyeshwa ukutani, yeye alikaa pembeni na mikrofoni, akiwageuzia watu maneno ya wageni kuwa Kiswahili. Alipofariki, mjane wake alishika mikrofoni ileile iliyozungushiwa leso. Watu wakamcheka. Mwanamke atangurumaje kama jitu? Akanguruma. Mwanzoni sauti ilimkauka, kisha ikarudi nene kuliko ya marehemu, na waliomcheka ndio wakawa wa kwanza kuwahi benchi la mbele.

Filamu zilizopendwa kuliko zote pale zilikuwa za namna mbili. Za kwanza zilihusu joka jike lililolala chini ya barafu, likiamka kila wanadamu walipochimba karibu na mayai yake. Watu walimpa jina la Bibi Barafu. Za pili zilihusu nyigu wa angani, wakubwa kama ng'ombe, waliotaga ndani ya injini za magari. Kinyozi wa jirani alikuwa upande wa nyigu, kufa kupona. Kasuku alikuwa wa Bibi, na hakuficha. Alipomsemea yule joka akiwaita watoto wake, alishusha sauti mpaka ukasikia mtu akimeza mate.

Miaka mingi ubishi ulikuwa mmoja: wakikutana, nani atampiga mwenzake? Ndipo watengenezaji wakawakutanisha katika filamu moja. Mwenye banda, shemeji yake Kasuku, mdogo wa marehemu, alibandika picha kubwa mlangoni, meno upande huu, mbawa upande ule. Jumamosi mchana banda lilifurika. Kinyozi alifunga duka akaja na kiti chake mwenyewe.

Filamu ikaanza na giza. Giza na mvua. Kisha wakaja watu wa ofisini, hakuna aliyewajua, wakagombana ni nani aliyeacha mlango wa maabara wazi. Kasuku akatafsiri. Wakagombana tena. Akatafsiri tena. Msichana mmoja akamwacha mchumba wake kwa maelezo marefu.

"Majitu yako wapi?" mtu akapaza sauti.

"Tulieni, nasikia mbawa!" Kasuku akawapoza. Mbawa hazikuja.

Bibi alipotokea, filamu ilikuwa inaelekea ukingoni, na giza lilikuwa zito hivi kwamba walimwona mkia tu. Akawa anamkimbiza nyigu. Katika kumkimbiza, akakanyaga mayai yake mwenyewe, yakapasuka, naye hata hakugeuka kutazama.

Kasuku akaacha kutafsiri. Banda zima likamgeukia.

"Jamani," akasema kwenye mikrofoni, "yule bwana wa ofisini anasema joka ana hasira. Mimi siwasemei hilo. Bibi hakanyagi mayai yake. Waliotengeneza kitu hiki hawamjui."

Shemeji akaja mbio, ameinama ili asizibe mwanga. "Shemeji, vipi? Endelea! Tia chumvi kidogo, watu wafurahi."

"Chumvi natia kwenye chakula, shemeji. Huu ni mchanga."

Shemeji akachomoa waya wa mikrofoni. Kasuku akasimama palepale kwenye mwanga, kivuli chake kikafunika nusu ya ukuta, akasema kwa koo tupu: "Filamu hii ni mbovu! Mmeisubiri kwa mapenzi, na mimi nimeisubiri. Siwezi kuwadanganya."

"Kaa chini, unatuzibia!" kinyozi akafoka. Wengine wakamzomea. Muuza nyanya peke yake ndiye aliyecheka, akasema yeye alishasinzia zamani.

Kasuku akakaa kwa hiari yake, akakunja mikono, akaiacha filamu imalizike kwa lugha ya wageni. Mwishoni bwana wa ofisini akabonyeza kitufe, bomu likalipuka, joka na nyigu wote wakafa. Hakuna aliyempiga mwenzake. Kinyozi akabeba kiti chake, akaondoka.

Nje, shemeji alimsubiri kwa hasira. "Watu wa jioni utawatafsiria vizuri, au uache mikrofoni yangu."

"Nitatafsiri. Ila kwanza nitawaambia ukweli wa kitu wanachokuja kuona."

"Thubutu!"

Kasuku akaifungua leso, akaiweka begani, akamrudishia mikrofoni.

"Kaka angekuonea aibu," shemeji akasema.

"Kaka yako alimlilia yule joka, na leso hii ndiyo niliyomfutia machozi. Usimtaje."

Nyumbani dada yake alishika kiuno. "Umeacha kazi kwa ajili ya mnyama wa kuchorwa?"

"Ndiyo."

"Nenda ukaombe radhi."

"Kwa kosa gani, dada?"

Hakwenda. Zilikuwa siku ngumu, na kuna asubuhi alizojikuta akisema peke yake jikoni kwa sauti ya jitu, akakatiza na kujikaza. Shemeji alimleta mtafsiri mwingine, mpiga chuku hodari. Watu wakajaa mwanzoni, kisha habari za filamu ile zikaenea zenyewe na mabenchi yakabaki wazi.

Jumapili moja mchana kinyozi alibisha hodi, akabaki amesimama mlangoni.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Ulinizibia. Lakini nyigu wangu, mama! Hata kumuuma mtu mmoja? Wamewageuza nzi!"

"Karibu ndani," Kasuku akasema.

Walikubaliana palepale mlangoni. Kinyozi ana runinga dukani, na Jumapili hanyoi. Tangu hapo watu wanakusanyika kwake, wengine sakafuni, na anayewahi anapata kiti cha kuzunguka. Ni wachache kuliko wale wa bandani. Kabla ya kila filamu Kasuku husimama na kutamka: nzuri, au mbovu. Ikiwa mbovu, wanaitazama hivyohivyo, wakiisema mpaka mbavu ziume.

Shemeji alituma ujumbe kuwa nafasi bado ipo, mradi Kasuku aombe radhi tu. Kasuku alimjibu mjumbe kuwa kwa kinyozi kuna nafasi pia, shemeji aje asikilize. Hajaja.

Wiki iliyopita waliweka filamu ya zamani ya nyigu. Kasuku hawapendi wadudu wale hata kidogo, lakini alivuma kwa pua, akapandisha, akashusha, mpaka mtoto wa muuza nyanya akaingia chini ya kiti, na kinyozi akafumba macho kwa raha.