Kopo la Oili la Mwenyekiti

Kandida Massawe alikuwa na miaka ishirini na mbili ya kufungua injini, na katika miaka hiyo yote hakuna kilichomchoma kama kusingiziwa kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikataa.

Alifanya kazi kwenye gereji ya mzee Balbir, mtaa wa Sokon I mjini. Balbir, Singasinga wa maneno machache, alimchukua akiwa binti aliyetoka Kirua na cheti cha ufundi ambacho gereji nyingine zilikitazama zikacheka. Balbir hakucheka. Alimpa spana akamwambia, "Fungua hiyo." Hata hivyo, wapo wenye magari walioona fundi ni mwanamke wakageuza. Kandida alisema amezoea. Hakuwa amezoea.

Mwezi wa tatu ililetwa pikapu ya ushirika wa wafugaji wa mlimani, upande wa Meru. Ilikuwa dizeli ya kisasa yenye tabo ya kusukumia hewa, na ndiyo iliyoshusha maziwa ya kaya themanini mjini kila asubuhi. Ikipanda kilima ilikosa nguvu na kutoa moshi mweusi kama tanuru la matofali. Kandida alifungua njia ya hewa ya injini, akaingiza kidole. Kilitoka kimepakwa kitu kizito kama lami.

Akamwita mwenyekiti wa ushirika, Sylvanus, mtu wa kuvaa koti hata juani.

"Tazama, mwenyekiti. Injini inapumua. Pumzi yake hutoka na mvuke wa oili, hurudishwa ndani kwa mpira huu ili ichomwe. Humo inakutana na masizi, vinagandamana, njia inaziba. Nitasafisha, ila utarudi tena. Dawa ni kufunga kopo la kunasia oili hapa katikati ya mpira. Hewa inapita, oili inabaki. Dereva analimwaga kila mwezi, basi."

Sylvanus alikubali, lakini kopo akataka kulitafuta mwenyewe. Kesho yake alirudi na kikopo chekundu kinachong'aa. Kandida alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa mtupu, hamna hata wavu wa kunasa matone.

"Hili ni pambo. Silifungi."

"Kazi yako ni kufunga, si kuchagua."

"Basi sifungi."

Alisafisha njia ya hewa, akarudisha mpira kama ulivyotoka kiwandani, akamkabidhi funguo.

Wiki tatu baadaye Balbir alimwita ofisini na kuweka simu mezani. Ilikuwa sauti ya Sylvanus, aliyoituma kwenye kundi la wanachama, nayo ikasambaa hadi mjini.

"Ndugu wanachama, gari limekufa njiani. Oili yote imemwagika, maziwa yameharibika. Haya ni matunda ya yule mama wa Sokon aliyetuletea habari za makopo. Tangu lini injini akapewa mwanamke? Injini si sufuria."

Kandida aliisikiliza mara mbili. Kisha akamsogezea Balbir simu yake.

"Achana naye," Balbir alisema.

"Wewe achana naye, mzee. Mimi jina langu limo humo."

Asubuhi yake alipanda mlimani na boksi lake la spana. Wanachama walikuwa wamekusanyika kwenye kituo cha kupokelea maziwa, pikapu imesimama pembeni, chini yake pamelowa oili. Kandida aliwaamkia wazee, hakumwamkia mwenyekiti. Akafungua boneti. Kile kikopo chekundu kilikuwa humo.

"Nani alifunga hiki?"

Dereva, kijana aitwaye Gadiel, alitazama chini. "Shemeji yake mwenyekiti."

Kandida alilala chini ya gari, akaangalia, akatoka. Kisha akachomoa kikopo, akamwelekezea Sylvanus.

"Puliza hapa."

"Mimi si mtoto wa kuchezewa."

"Puliza!"

Bibi mmoja, Koko Resiato, ambaye maziwa yake ya siku gari lilipokufa yalikuwa yamemwagiwa mbwa, alikisogelea kikopo, akakifuta kwa kanga, akapuliza mpaka mashavu yakavimba.

"Hapapiti kitu," alisema.

Kandida aliingiza bisibisi nyembamba kwenye mdomo wa pili, akachokonoa, akatoa kizibo cheusi cha plastiki, kile kinachowekwa dukani kuzuia vumbi. Aliyefunga alikuwa amevalisha mpira juu yake bila kukitoa.

"Injini ilipumua, pumzi ikakosa pa kutokea. Presha imeng'oa sili ya nyuma ya injini, oili ikamwagika yote. Hili kopo mimi nililikataa. Mwenyekiti analijua hilo, akanitukana mbele ya kaya themanini."

Sylvanus alikohoa. "Makosa ya kibinadamu yapo. Tusonge mbele."

"Hatusongi. Simu unayo. Sema ukweli kwenye kundi lilelile."

"Sema, mwenyekiti," alisema Koko Resiato.

Akatoa simu, akanong'ona sentensi mbili.

"Hatukusikia," bibi akasema. Ikabidi arudie.

Pikapu ilivutwa hadi Sokon I. Kandida alishusha gia boksi, akabadilisha sili, akafunga kopo alilolichagua mwenyewe, lenye wavu ndani na midomo mipana. Alimfundisha Gadiel kulimwaga, na baada ya mwezi mmoja Gadiel alileta chupa ya uchafu wa kahawia ili aone. Kilima sasa gari linakipanda bila kulalamika.

Siku ya kuchukua gari Sylvanus alimnyooshea mkono. "Mama, yaishe."

"Gari liko tayari," alijibu, mkono akauacha hewani.

Mwezi wa saba wanachama walichagua mwenyekiti mwingine. Kandida aliposikia hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Ile sauti ya kwanza ilikuwa bado inazunguka kwenye simu za watu, na ile ya pili hakuna aliyeisambaza. Wiki hiyohiyo mteja mmoja wa Lemara alimuuliza huku akicheka kama yeye ndiye wa sufuria. Kandida alimrudishia funguo zake, akamwonesha geti.