Steji ya Kwa Ndunge

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya barabara ya Machakos, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mkaguzi wa Barabara alinitazama viatu akacheka. "Hizo ni za kanisa," akasema. "Huku tunatembea." Nilidhani ananitania tu. Tulipofika Kathiani jioni, nilikuwa nimevishika mkononi.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta steji zilizokufa, vituo vya mabasi vilivyoachwa. Ninyi vijana hamkuyaona yale mabasi makubwa yaliyopita vijijini, magunia ya machungwa na kuku yamefungwa kwenye keria, ile fremu ya chuma juu ya paa. Matatu zilipoingia na barabara zikasogezwa, steji nyingi zilimezwa na nyasi. Kabla ya lami kuwekwa, ilibidi tujue hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya umma kando ya njia, ilifika wapi. Wenye tamaa walikuwa wameshaanza kuipanda mahindi.

Steji ya zamani tuliijua kwa udongo wake. Ukichimba kidogo unapata vifuniko vya soda vilivyoshindiliwa na miguu ya abiria, na weusi wa oili pale basi lilipozoea kusimama. Kisha unauliza jina kwa majirani. Kwetu Ukambani steji mara nyingi huitwa kwa mwenye boma la karibu: Kwa Mutua, Kwa Kalondu. Niliipenda sana kazi hiyo, siwafichi.

Steji moja bondeni, chini ya Kathiani, iliitwa Kwa Ndunge. Ndunge mwenyewe tulimkuta akipalilia maharagwe. Tulipomweleza kwamba lami itapita juu kilimani, aliweka jembe chini.

"Na hiyo jina yangu mtapeleka wapi?"

"Kwa nini, Mwaitu?" nikamwuliza, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Mtoto wangu Mutuku alipandia basi hapa akaenda Mombasa kutafuta kazi. Hajawahi kurudi. Siku akirudi, ataambia kondakta amshukishe wapi?"

Nikalipeleka jambo hilo kwa Mhandisi wa Wilaya, mtu mkali aliyekunywa chai bila sukari na hakupenda hadithi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi steji mpya huko juu iitwe Kwa Ndunge," akasema. "Andikeni kibao." Tulifurahi kana kwamba tumemjengea nyumba. Nilikwenda mbio kumpasha habari, nikitarajia vigelegele.

"Mmebeba jina yangu mkaniacha huku?" akafoka. "Akishuka huko juu atapata nani? Mawe?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo ofisini. Lami ilipokamilika, Ndunge alisimamisha kibanda cha mabati kando ya kibao, akawa anauza ndizi. Asubuhi alikipanda kilima kwa fimbo, jioni akateremka, na magoti yake hayakuwa mazuri. Makanga wa matatu walimzoea. "Susu, leo Mutuku hakupanda!" walimpigia kelele, wakimwita bibi kwa Kikamba, naye akawatupia maganda. Kila nilipopita hapo kikazi moyo uliniuma.

Nilistaafu katika miaka ya elfu mbili. Siku hizi barabara hupimwa kwa mitambo, na nasikia kazi inakwisha haraka. Ni vizuri. Ila mimi nikichunga mbuzi wangu hujikuta nikiyataja yale majina ya steji moja baada ya jingine, na nawakumbuka wenyewe, wengi wao wameshazikwa.

Wiki ile ya kustaafu, nilipokuwa nikiwaaga watu wa njia ile, nilikuta kibanda cha Ndunge kimefungwa. Nikateremka bondeni kwa hofu. Nilimkuta ameketi uani, na mwanamume mwenye mvi akimtengenezea ua wa boma. Ndunge alianza kucheka kabla sijamsalimu.

"Alishuka pale kibandani," akaniambia, akimwonyesha kwa kidevu. "Akaangalia huku na huku. Halafu akakuja akaniuliza mimi mwenyewe, 'Susu, kwa Ndunge ni wapi?'"

"Ukamjibu nini, Mwaitu?"

"Nikamumenyea ndizi."