Gauni la Zambarau Ukutani

Nikisikia harufu ya rangi ya mafuta, hata leo, husimama njiani. Hunirudisha mtaani Makanyagio, miaka ya tisini, kwenye kibaraza cha fremu ya duka aliyopanga mama yangu kwa kazi ya ushonaji. Cherehani yake ililia kutwa, na mimi, binti yake mkubwa, nilikaa miguuni pake nikiokota vipande vya vitambaa nivishe wanasesere wangu.

Kiangazi kimoja mama alimwita fundi wa mabango amchoree ukutani mwanamke aliyependeza, ili wateja waione kazi yake.

"Sura niweke ya nani, dada?" fundi aliuliza.

Mama akacheka, akakata uzi kwa meno. "Weka hii hii. Mwingine utamtoa wapi?"

Jamani, alitoka! Gauni la zambarau lenye mabega yaliyotuna, mkoba mkononi, viatu vya kisigino ambavyo mama hakuwahi kuvivaa maishani mwake. Vidole vilikuwa vinene kama ndizi, lakini shingo ilisimama wima, kama ya mtu anayejua anakokwenda. Wanawake walikuja hata kutoka Ilembo kumtazama, na wengi waliondoka wameshapimwa.

Baba alikuwa Mishamo akinunua mahindi. Aliporudi alisimama mbele ya ukuta, ameshikilia baiskeli, hata salamu hakutoa.

"Mama Neema, huyu nani?"

"Picha ya biashara tu, Baba Neema."

"Nimeuliza ni nani."

Mama alisimamisha cherehani. "Ni mimi."

Baba aliingia ndani, akatoka na panga. Nilidhani anakwenda kumtafuta fundi. Kumbe alianza kuukwangua ule uso, taratibu, kama mtu anayepara samaki, mpaka likabaki tofali tupu. Alipofika shingoni alichoka, akaomba maji ya kunywa. Mama akamletea.

Gauni lilibaki. Kwa miaka mingi mama alishona chini ya mwanamke yule asiye na kichwa, na wateja wakinyoosha kidole: "Nishonee kama lile." Hakuna hata mmoja aliyeuliza uso ulikwenda wapi.

Niliamini baba alimwonea wivu fundi. Mpaka nami nilipoolewa ndipo nilipoelewa kwamba fundi hakuwa na lolote. Baba alimwona pale ukutani mke ambaye angeweza kuondoka, na akamwogopa.

Katika picha zote za harusi yangu mama ametazama pembeni. Siku nyingi nilimlaumu mpiga picha. Baba alipokwisha kufariki nilimletea mama albamu, nikamuuliza kwa nini hakutazama kamera hata mara moja.

Alifunua kurasa polepole, akaisifu shela yangu, akaifunga albamu.

"Baba yako alikuwa amesimama pale nyuma ya kamera," alisema.