Chungu Nilichokisugua

Harufu ndiyo iliyoniumbua. Tumbo lilikuwa limenikorofisha wiki nzima baada ya dozi ya antibayotiki, na kijana wa duka la dawa hapa Mtumba akaniuzia vidonge vya chachu. "Hawa ni wadudu wazuri, dada, watakurudisha sawa," aliniambia. Kidonge kimoja kikapasukia kiganjani mwangu nikiwa ofisini. Unga wake uliponipanda puani, uchachu wenye utamu kwa mbali, uso uliniwaka kwa aibu kama mtu aliyefumaniwa. Wenzangu wakadhani ni homa.

Ngoja niwaambie, maana nimekaa nalo vya kutosha.

Bibi yangu mzaa baba alikaa Chamwino, na alijulikana kwa togwa. Alipika uji wa uwele, akatia kimea, akauacha uchachuke kwenye chungu kimoja cheusi, hata sisi watoto tukanywa. Chungu hicho hakikuwahi kuona sabuni. Togwa ikiisha kilisuuzwa kwa maji matupu, na utando mweupe uliogandia ndani uliachwa, maana ndio uliochachua uji uliofuata. Mtu akisumbuliwa na tumbo aliambiwa aende kwa bibi akanywe. Majirani walikuja na vikombe kuomba machicha ya chini ili wachachulie ya kwao. Bibi alijivunia chungu kile kuliko alivyojivunia wanawe, na baba yangu alilijua hilo wala hakuona wivu.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, bibi alimkabidhi chungu mama mdogo Ester, mke wa baba mdogo. Ester alikuwa ametoka Makutupora, alikokuwa kibarua wa kuchuma zabibu. Alikuwa na miaka miwili kwenye ndoa, hajapata mtoto, na maneno ya chini chini yalikwisha kuanza. Sasa aliambiwa atengeneze togwa ya majirani watakaokuja kutusaidia kuvuna. Kwetu, mwanamke akishika chungu kile basi amekuwa mtu wa nyumba. Siku ile alitwanga huku akiimba, na sauti yake, jamani, haikuwa nzuri hata kidogo.

Mimi nilikuwa nimetoka mjini kwa likizo, na kimbelembele kilinijaa hadi kwenye nywele. Mwalimu alikuwa ametufundisha vijidudu. Nilipochungulia ndani ya chungu nikaona ule utando, nilishtuka: Mungu wangu, hawa watu wanakunywa hii! Wakubwa wote wakiwa shambani, nilichukua sabuni ya unga na steliwaya, nikasugua mpaka mikono ikauma. Nikamwagia maji yanayochemka, nikakianika juani. Kiling'aa. Nilingoja nisifiwe, lakini walirudi wamechoka, kiza kikiingia, na mama mdogo akamimina uji wake bila kuona tofauti.

Siku ya mavuno bibi alifunua chungu mbele ya watu waliotoka shambani na kiu. Hapakuwa na povu wala ile sauti ndogo ya kuchemka. Uji ulikuwa umevunda, unavutika kama makamasi. Kuku walipomwagiwa, walidonoa mara moja wakaenda zao. Hakuna aliyecheka.

"Ester," bibi akasema, "umekifanya nini chungu changu?"

"Sijakifanya kitu, mama. Nimemimina tu kama ulivyonielekeza."

"Mkono wake mzito huyu," mwanamke mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika. Mwingine akaguna. Mama mdogo alitazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumtetea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua kabisa. Nikainamia vidole vyangu vya miguu.

Bibi alikichukua chungu akakiweka chumbani kwake, na hadi bibi anakufa, mama mdogo hakukigusa tena. Kukiwa na shughuli, alitumwa maji na kuni pamoja na wasichana wadogo. Kila likizo nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaniuliza habari za shule.

Jumamosi baada ya kile kidonge nilipanda gari hadi Chamwino. Nilimkuta mama mdogo anachambua mchicha. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Nilijua," akasema, mikono ikiendelea. "Siku ile ile tulipotoka shambani nilikuta povu kwenye beseni nyuma ya jiko. Sikujua ni la kuoshea nini, mpaka chungu kilipofunuliwa, na nyumbani ulikuwa umebaki wewe."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Mimi mtu wa kuja, nimtaje mjukuu wao? Wewe ndiye ungeaminiwa." Akatupa bua pembeni. "Kila ulipokuja likizo nilijisemea, mara hii atasema."

Miaka yote nilijidanganya kwamba niliogopa fimbo. Si kweli. Fimbo ya bibi ilikuwa viboko viwili, halafu unapewa karanga. Nilinyamaza kwa sababu aliyelaumiwa hakuwa wa kwetu, na nilishajua, katika umri ule, kwamba yeye anaweza kubeba na hakuna atakayeuliza. Ndicho kinachonichoma. Si chungu.

Nikamwambia, "Nisamehe." Alinitazama kidogo, akainuka na ungo wake, akaniuliza kama nitakula kabla ya kuondoka.