Siku Niliyoifungulia Baridi Mlango

Nilikuwa bado mtoto wa kuingia chumbani kwa wazazi bila kubisha hodi nilipoanza kuiogopa baridi. Mtu akisikia kwamba niliihofia baridi nikiwa Dubai, mji ambao mwezi wa saba kitasa cha mlango wa nje huunguza kiganja, ana haki ya kucheka. Lakini baridi niliyoiogopa mimi haikuwa ya hewa. Ilikuwa baridi ya uzazi, na aliyenifundisha kuiogopa alikuwa Nyanya, mama yake mama yangu, kwa simu kutoka Mombasa.

Kwetu Mombasa mzazi hukandwa. Arobaini nzima hulazwa, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa leso, na asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Asipofanyiwa hivyo, baridi humwingia mgongoni ikajijengea nyumba humo. Mama alipomzaa mdogo wangu Twaha hakuwa na wa kumkanda. Baba alikuwa akishinda Al Ras akifungasha mizigo ya wafanyabiashara wa pwani, na mimi ndiye niliyebaki mkubwa wa nyumba mchana kutwa, kimo changu hakijafika hata kwenye jiko. Mama alijimwagia maji ya moto mwenyewe, akalala chini ya kiyoyozi, na likizo yake ilipokwisha akarudi kusimama dukani kuuza manukato.

"Zima hiyo mashine," Nyanya alikuwa akisema. "Mgongo huo utakuja kukusumbua, na mimi sipo."

"Mama, huku bila mashine tutaiva," Mama alijibu huku akicheka.

Mgongo haukukawia kumsumbua. Asubuhi moja Mama aliinama kumtoa Twaha kitandani, na hakuinuka. Nilimkuta kashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, naye Twaha anamtazama kutoka chini akidhani ni mchezo. Daktari alisema mifupa iko salama, akampa vidonge na mazoezi, akamwambia apumzike. Vidonge Mama alimeza na mazoezi alifanya alipokumbuka. Kupumzika ndiko kulikokosa nafasi katika nyumba ile.

Kilichomuuma zaidi ni kutoweza kumbeba Twaha. Alikuwa akilala kwenye mkeka, mtoto anamzunguka kwa kutambaa, kisha anakaa mbele ya uso wake na kumnyooshea mikono. Mama anamwambia, "Njoo wewe, baba, njoo hapa hapa chini." Twaha hataki hapa hapa chini, anataka juu, na kilio chake nakisikia mpaka leo. Mimi nilikuwa nikimnyanyua kwa shida, mguu wake mmoja ukiburuta sakafuni, na kumweka kifuani kwa Mama.

Jioni moja nilimsikia Baba akisema sebuleni, taratibu, "Mama Rukia, shule ikifungwa kama hali bado ni hii, nendeni Mombasa. Kule kuna watu wa kukushika. Mimi nitatafuta kitanda nikae na wenzangu."

Mimi nilijua maana ya maneno hayo, kwa sababu nilikuwa na binamu Mombasa ambaye baba yake alikuwa Dubai, na kwake yeye baba alikuwa sauti ya simu ya Ijumaa. Sikutaka Baba awe sauti. Siku hiyo hiyo walipolala nilikizima kiyoyozi ili baridi itoke mgongoni mwa Mama, na tuliamka sote tumelowa chapachapa. Baba alipouliza ni nani aliyefanya ujinga ule nilimwambia kweli. Mama alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha, halafu akalia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyanya alikuja kwa viza ya matembezi, na sanduku lake lilijaa mafuta ya nazi na chumvi ya mawe. Alimtazama Mama pale mkekani akatikisa kichwa.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Weye mwanangu umezidisha, umevunjika mgongo."

Akamgeukia mke mwenziwe, ndivyo alivyoniita mimi mjukuu wake kwa utani, akaniagiza sufuria. Aliikaanga ile chumvi mpaka ikaanza kutatarika, akaifunga ndani ya kitambaa na kumkanda Mama kiunoni. Mama alipata nafuu ya adhuhuri mpaka alasiri. Jioni maumivu yakarudi. Nyanya akasema baridi hii imekwenda ndani sana, si ya mtu mmoja kuitoa.

Mlango wa kuelekeana na wetu ulikuwa wa mama mmoja wa Kichina tuliyemwita Mama Lin. Mumewe alikuwa na kazi kwenye maghala ya huku huku mtaani kwetu, Al Qusais. Watoto wa jengo tuliuita mlango ule mlango wa moshi, kwa sababu siku nyingine ulitoa harufu nzito ya majani yanayoungua, wala si udi wala si chakula. Msichana mmoja wa ghorofa ya juu alituapia kwamba Mama Lin anafukiza mizimu ya kwao, na ukipita pale bila kubana pumzi utaiota usiku kucha. Nilikuwa nikipita pale mashavu yamevimba kwa pumzi, na macho nimeyaelekeza kwenye lifti.

Siku moja tulikuwa tunatoka, Mama akiegemea ukuta hatua kwa hatua, Nyanya kambeba Twaha, ndipo mlango wa moshi ukafunguka. Mama Lin alisimama akatutazama. Akaja, bila salamu, akaweka kiganja chake chini kabisa ya mgongo wa Mama, juu ya baibui, na kukiacha hapo.

"Hina," alisema kwa Kiarabu chake cha dukani, kwamba ni hapa. "Hina barid."

Neno lile halikuhitaji mkalimani. Nyanya alimkazia macho. "Nani kamwambia? Huyu mtu ajuaje?"

Kesho yake Mama Lin alibisha hodi kwetu. Alikuja na kisanduku cha mbao chenye wavu wa waya chini na matundu juu, na vijiti vinene vya majani makavu yaliyosagwa na kusokotwa ndani ya karatasi. Alituonyesha kwa mikono: kijiti huwashwa, huwekwa kisandukuni, kisanduku hukaa juu ya mgongo. Moto haugusi ngozi. Mimi nilijificha nyuma ya kiti, pumzi nimeibana. Nyanya alisimama kati ya Mama Lin na Mama, mikono kiunoni.

"Moto juu ya mwanangu? Nimekula chumvi nyingi, hilo sijaliona."

Mama Lin hakukasirika. Alichana karatasi ya kijiti kimoja, akamtilia Nyanya yale majani kiganjani. Nyanya aliyasugua, akayanusa, akayanusa tena, na uso wake ukabadilika.

"Pakanga," alisema. "Kama si pakanga yenyewe basi ni nduguye. Bibi yangu alikuwa nayo uani."

Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi wa pili, maana pakanga kwao ilikuwa ya kumfukiza mwenye shetani. Alikaa kitako akawaza kwa sauti kubwa: hajui kinachosomwa juu ya moshi huu, hajui nani anaitwa. Mwisho akaamua. Dawa ya ugenini huonjwa na mkubwa kwanza. Akapiga Bismillahi, akajilaza yeye mwenyewe kifudifudi, akainua dera lake kidogo, akaamuru, "Haya, niwekee mimi. Nikifa, mwanangu hapati hata harufu."

Mama Lin aliwasha, akaweka. Tulisubiri tuone litakalompata Nyanya. Lililompata ni usingizi. Alikoroma kwa nguvu hata Twaha akaacha kulia kumsikiliza, na Mama Lin akaziba mdomo kwa kiganja ili asicheke. Nikaachia pumzi yangu bila kujua.

Tangu hapo ikawa utaratibu. Asubuhi Nyanya alikanda kwa chumvi, alasiri Mama Lin alikuja na kisanduku, na Mama hakuruhusiwa kuinuka mkekani. Akijaribu, mmoja anamkemea kwa Kimvita na mwingine kwa Kichina, na kukemewa hakuhitaji kamusi. Duka lilimvumilia. Mama akaanza kulala usingizi wa kweli, akaanza kugeuka bila kuuma meno. Lakini Twaha alikuwa bado hajabebwa, na shule ilikuwa karibu kufungwa.

Ijumaa moja kisanduku kilikuwa mgongoni mwa Mama na kifaa cha kunusa moshi cha darini sebuleni tumekifunika kwa kofia ya kuogea, kama jengo zima lilivyofanya siku za udi. Nyanya akamwambia Mama, "Leo naiona yatoka." Mimi nikatazama moshi ulivyozunguka chumbani, nikaona kosa letu. Baridi inatoka, sawa, lakini inakwenda wapi? Milango yote imefungwa. Itarudi mgongoni. Nikaenda nikaufungua mlango wa nje wazi kabisa.

Moshi ulitoka vizuri sana. Kifaa cha koridoni hakikuwa na kofia. King'ora kililia jengo zima, milango ikaanza kugongana, na yule mlinzi wetu, kijana wa Uganda aliyezoea kumshikilia Mama lifti, akapanda ngazi akipiga kelele, "Mutoke! Mutoke wote! Hakuna kubeba vitu, yalla!"

Nyanya alinikamata mkono. Mama Lin alichukua kisanduku akakizamisha kwenye sinki. Tukateremka ngazi na umati, watu wanasukumana, mpaka tukatokea kwenye jua la uwanjani. Nikahesabu watu wangu nikamkosa Mama, nikamkosa na Twaha: kila mmoja alidhani mwenzake kambeba.

Mama akatokea mlangoni. Dera limekaa upande, nywele wazi, na juu ya kiuno chake, kamshikilia kwa mkono mmoja, ni Twaha.

Mlinzi ndiye aliyewahi kuuliza, "Madam, si wewe mugonjwa wa mugongo?" Mama akamtazama Twaha kana kwamba kapewa pale pale. Nyanya alianza kupiga vigelegele hadharani, watu wanadhani ni kichaa, na Mama Lin alikuwa akifuta machozi kwa aproni.

Jioni Baba alirudi kutoka Al Ras. Mama alimfungulia mlango kambeba mtoto. Baba aliweka mfuko wake chini na kukaa papo hapo kizingitini.

Siwezi kusema ni muujiza. Kesho yake mgongo ulimuuma, na mazoezi ya daktari aliendelea kuyafanya kwa miezi mingi, kwa bidii safari hii. Nyanya alishikilia kwamba baridi ilitoka kwa mlango nilioufungua mimi, na sijawahi kumbishia. Watu wakiniuliza leo kama moshi ule unafaa, nawaambia mimi si mganga wala daktari. Ninachojua ni kwamba mama yangu alijifungua ugenini na hakuna aliyemwambia lala, mpaka wakaja wanawake wawili wasiojuana lugha wakamlaza kwa nguvu. Huenda arobaini aliyoikosa ndiyo aliyolipwa pale mkekani. Wasiwasi wangu wa utotoni ulikuwa wa kijinga kwa mengi, lakini katika hili naona wazee walijua kitu: mzazi akiachwa peke yake kuna kinachomwingia, uite upendavyo.

Shule ilifungwa, na viza ya Nyanya ikafika mwisho. Tulimsindikiza uwanja wa ndege sote wanne, Baba akisukuma sanduku, Mama kambeba Twaha. Nyanya alipopotea ndani, tuligeuka tukarudi nyumbani, sote wanne.