Kuku wa Kumalizia Mkanda

Mjomba wangu alikuwa na picha nyingi za kuku kuliko za watoto wake. Si kwamba aliwapenda. Mkanda mmoja wa kamera ulikuwa na picha thelathini na sita, na Mpanda ya wakati ule haikuwa na mahali pa kusafishia picha za rangi. Mkanda ulipelekwa Tabora kwa treni, mkononi mwa abiria wa kuaminika, na haukupelekwa mpaka uishe. Siku ya treni ikifika na picha mbili tatu zimebaki, mjomba alitoka uani kwake Kawajense, akawapiga kuku picha, akaurudisha mkanda kwenye kikopo chake na kwenda nao stesheni. Kamera aliiacha nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini kuku, wakati mji una treni, benki na soko. Akasema treni na benki hazipigwi picha. Nikauliza imeandikwa wapi.

"Sijui," akasema. "Nimepiga picha miaka kumi na miwili na sijawahi kulala ndani. Hilo ndilo ninalolijua."

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na jibu la namna hiyo lilinikera kuliko tusi.

Likizo ile mjomba aliumwa mgongo, nikaishika kamera mimi. Jumanne niliitwa Litapunga, kwa watu waliokimbia Burundi miaka ya sabini, kupiga picha ya msiba. Mwanamke alikuwa amelala ndani ya jeneza, uso wazi. Mumewe, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, alisimama kando, mkono wake juu ya ukingo wa jeneza. Nilipiga mara moja tu, kwa sababu mkanda ulikuwa ukingoni na wateja wengine walikuwa wameshaahidiwa. Baada ya mazishi ndipo mzee aliponiambia kwamba mkewe hakuwahi kupigwa picha nyingine. Wajukuu ni wadogo, alisema, watamsahau.

Siku ya treni alikuja mjini kwa baiskeli ili auone mkanda ukiondoka kwa macho yake. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali, na chake kiliishia jioni ya siku hiyo. Tulikutana stesheni. Kamera ilikuwa shingoni mwangu, na mkanda ulikuwa umebakiza picha moja.

Ningeweza kuwapiga kuku asubuhi. Sikutaka. Nilitaka kuona nini kitatokea, au nilitaka kuonyesha kwamba hakitatokea kitu. Mpaka leo sijui lipi kati ya hayo. Nikarudi nyuma hatua chache, nikapiga jengo la stesheni, mabehewa, na askari aliyekuwa ameegemea mlango.

Hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akaishika kamera ikiwa bado shingoni mwangu, akanivuta nayo kama mbuzi mpaka chumba cha polisi mwisho wa jengo. Mzee alitufuata, akabaki mlangoni.

Ndani alikuwepo mkuu wake, mtu mzima, mbele yake bakuli la karanga. Aliniuliza nani kanituma. Nikasema hakuna. Basi picha ni ya nini? Ya kumalizia mkanda. Wakatazamana, na hata mimi nilisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa baya.

"Fungua hiyo kamera," mkuu akasema.

"Kwa sheria ipi, afande?"

Askari akacheka. "Kumbe msomi. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamsubiri."

Niliendelea. Niliuliza kifungu cha sheria. Niliuliza kibao cha kukataza picha kiko wapi. Niliuliza kama abiria anayeitazama stesheni kwa macho naye ana kosa. Yalikuwa maswali mazuri, na leo ningeyauliza tena. Mkuu hakujibu hata moja. Nilidhani nashinda, kumbe nilikuwa namkasirisha tu.

Treni ikapiga honi ya kwanza. Mzee akaingia bila kuitwa, kofia mkononi.

"Wakubwa, mke wangu yumo humo," akasema, akiionyesha kamera. "Tumemzika Jumanne. Msimtoe."

Mkuu akamwomba kibali. Alikisoma polepole, akakiweka chini ya bakuli la karanga. Akasema kinaisha leo, na kwamba mkimbizi aliyekutwa na mtu anayepiga picha za reli anaweza kukaa hapa siku nyingi akijieleza. Alikuwa akimwambia mzee, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Maswali yakaniishia. Nikamweleza mkuu jinsi mkanda unavyojiviringisha ndani ya kamera, picha ya mwisho ikakaa juu ya zote. Mwanga ukiingia unaunguza ya juu kwanza. Ya stesheni iko juu. Ya marehemu iko chini yake, picha nne tu.

"Fungua na ufunge haraka, afande. Ya stesheni itaungua. Ya mzee labda itabaki."

"Labda?" mzee akauliza.

Nikamwambia sijui. Siku nzima sikuwa nimelitamka neno hilo.

Mkuu akaifungua mwenyewe. Mwanga wa dirishani ukaangukia ule utepe wa kahawia, naye akawa ananitazama mimi, si kamera. Nilitamani kusema funga, ila nilijua nikisema ataiacha wazi. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anaikunja kofia yake. Honi ya pili ikalia. Mkuu akaubana mfuniko kwa kidole gumba, akachomoa kibali chini ya bakuli, akampa mzee. Askari akaniambia niwasalimie maprofesa.

Nilikimbia huku nauzungusha mkanda urudi kikoponi, nikamkabidhi mama mmoja wa Inyonga aliyekuwa akipeleka asali Tabora. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshapanda baiskeli yake.

Nilipomsimulia mjomba, hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuku walikuwa wamekufa wote.

Picha zilirudi baada ya siku kumi. Ya stesheni ilikuwa nyeupe tupu, na zilizokuwa kati yake na ya msiba hazikufaa. Ile ya msiba ilikuwa imeungua upande mmoja. Rangi ya chungwa ilikuwa imeingia kutoka pembeni, ikameza ukuta, waombolezaji na mzee mwenyewe, ukabaki mkono wake tu juu ya ukingo wa jeneza. Uso wa mkewe ulikuwa safi.

Miaka ya baadaye rafiki aliyesoma sheria aliniambia kuna maeneo ambayo kweli yamekatazwa, lakini hakuwa na hakika kama stesheni yetu ni mojawapo. Ningali nauliza. Lakini siku ile, njiani kumpelekea mzee picha yake Litapunga kwa baiskeli, sikuwa na hamu na sheria. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza.

Mzee aliishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha mkono. Nikamwambia aliyemuunguza ni mimi, kwa sababu nilikuwa na kuku na sikuwapiga. Sidhani kama alielewa habari ya kuku.

"Mimi si nipo," akasema, akawaita wajukuu waje wamwone bibi yao.